Kurudisha Kitu Adimu Ng'ambo: Uandike Thamani Gani Kwenye Fomu ya Forodha?

Muuzaji wa ng'ambo amekubali umrudishie kitu ulichonunua kwake. Ametuma anwani, ameomba radhi, kisha mwishoni ameongeza sentensi moja: "Tafadhali andika thamani ndogo, nisije nikatozwa ushuru." Anayekusanya sarafu, stempu, kadi, saa, sanamu au vinyago kutoka nchi za mbali atakutana na ombi hili, mapema au baadaye. Linaombwa kwa upole, na wengi hulikubali kwa sababu wanataka mambo yaishe na pesa zao zirudi.

Ni ombi baya, na linamwumiza zaidi yule anayelitekeleza. Kinachomwondolea muuzaji ushuru ni uthibitisho kwamba kitu kilichotoka kwake ndicho hichohicho kinachorejea. Nambari ndogo haithibitishi jambo hilo, na mara nyingi inaharibu ushahidi ambao ungelithibitisha.

Tuchukue mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho. Tuseme umenunua saa ya mkononi ya miaka ya 1960 kwa euro 1,400 kutoka kwa muuzaji aliyeko Ujerumani, nawe unaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Tangazo lilisema uso wa saa ni wa asili. Saa imefika, fundi ameifungua, na amesema uso umepakwa rangi upya. Kwa wakusanyaji wa saa hilo ni jambo zito, kwa maana uso wa asili ndio unaobeba sehemu kubwa ya bei. Muuzaji amekubali kosa na ameahidi kurudisha pesa zote saa ikimfikia.

Sasa umekaa mbele ya fomu na una nambari nne kichwani. Kuna 1,400 ulizolipa. Kuna 500, ambazo fundi anadhani ndiyo bei ya haki ya saa yenye uso uliopakwa upya. Kuna 50 anazozitaka muuzaji. Na kuna sifuri, kwa kuwa safari hii hakuna anayemuuzia mwenzake chochote.

Uandike 1,400. Sababu zake zinahitaji kufunguliwa taratibu, kwa sababu kila moja ya nambari hizo nyingine ina hoja inayoonekana ya kweli mpaka uichunguze.

Bei iliyolipwa na bei ya kudhaniwa

Forodha za dunia zilishawahi kugombania swali hilihili. GATT, mkataba wa jumla wa ushuru na biashara wa 1947, ulisema katika ibara yake ya 7 kwamba thamani ya forodha ijengwe juu ya thamani halisi ya bidhaa, isiwe ya kubuni wala ya kukisia ovyo. Lakini thamani halisi ni ipi? Mkataba uliotiwa saini Brussels mwaka 1950 ulijibu kwa kuuliza bidhaa hiyo ingeuzwa kwa bei gani katika soko huria. Hiyo ilikuwa bei ya kudhaniwa, na ilimpa afisa wa forodha nafasi kubwa ya kuamua mwenyewe. Mazungumzo ya biashara ya Tokyo yalipomalizika mwaka 1979, nchi nyingi zilihamia kwenye kanuni nyingine: angalia kwanza bei iliyolipwa kweli au inayopaswa kulipwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyoingia katika makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani ya 1994, na ndiyo inayotumika leo karibu kila mahali.

Makubaliano hayo yana njia sita za kupata thamani, na hupangwa kwa zamu: ya kwanza ikishindikana unashuka ya pili, na kuendelea. Ya kwanza ni bei ya mauzo yaliyoifanya bidhaa ivuke mpaka. Hapo ndipo kitu kinachorudishwa kinapoleta utata, kwa sababu saa yako haiendi Ujerumani kwa kuuzwa. Inaenda kwa sababu mauzo yamevunjwa. Kwa hiyo ukilisoma neno kwa neno, njia ya kwanza haifai.

Njia ya pili inataka bei ya bidhaa inayofanana kabisa, na ya tatu inataka ya bidhaa inayokaribiana. Kwa viatu vipya vya kiwandani hilo ni rahisi. Kwa saa yenye miaka sitini, yenye mikwaruzo yake na historia yake, pacha wake hayupo. Njia ya nne huanzia kwenye bei ambayo bidhaa itauzwa tena huko iendako, na muuzaji hajaiuza bado. Ya tano hujumlisha gharama za kuitengeneza, hesabu isiyo na maana kwa kitu kilichotoka kiwandani enzi za babu zetu. Inabaki ya sita, ambayo ni njia yoyote ya busara inayofuata misingi ya zile za juu, kwa masharti kwamba haitumii thamani za kubuni.

Hapo sasa, ni ushahidi gani wa busara ulio bora kuliko ankara ya wiki chache zilizopita, kati ya watu wawili wasio ndugu, waliokubaliana bei kwa hiari kwa ajili ya kitu hichohicho? Hata njia ya kwanza ikianguka, mzunguko wote unakurudisha kwenye 1,400. Ndiyo maana forodha nyingi huomba ankara ya awali mzigo unaporudi.

Sifuri imeshakufa kwa hoja hiyohiyo. Kitu ambacho mtu alikilipia juzi, na ambacho mwenzake yuko tayari kurudisha pesa ili akipate, kina thamani. Maneno kama "hakina thamani ya kibiashara" hufaa kwa sampuli zilizoharibiwa makusudi au hati za ofisini. Ukiyaandika juu ya saa, afisa akafungua na kuiona, umempa sababu ya kutilia shaka kila neno lingine ulilolijaza.

Zile 500 za fundi ndizo zinazowapotosha watu waaminifu. Mtu anasema: sitaki kudanganya, na ukweli ni kwamba saa hii haifiki hiyo bei. Naielewa dhamira hiyo, lakini inajibu swali ambalo fomu haijauliza. Kasoro ya saa ndiyo sababu ya kuirudisha, na mahali pake ni kwenye maelezo: "saa ya mkononi iliyotumika, inarudishwa kwa muuzaji kwa kuwa hailingani na maelezo ya mauzo." Bei ibaki ile ya ankara. Rekodi ya kutoka Ujerumani inasema 1,400, muuzaji atarudisha 1,400, na wewe ukiipoteza njiani utakuwa umepoteza 1,400. Nambari nyingine yoyote itakuwa mgeni katika mlolongo huo, na itabidi mtu aielezee.

Msamaha uliopo tayari

Muuzaji anaogopa kulipa ushuru juu ya kitu chake mwenyewe, na hofu hiyo ina msingi. Lakini sheria ilishaifikiria. Katika Umoja wa Ulaya, ibara ya 203 ya Kanuni ya Forodha ya Umoja huo inaruhusu bidhaa zilizosafirishwa nje zikirudi ndani ya miaka 3, zikiwa katika hali ileile, ziingie bila ushuru wa forodha. Uingereza ina msamaha wa namna hiyo, nao una kikomo cha miaka 3. Marekani ina kifungu cha ushuru 9801.00.10, ambacho zamani kiliegemea zaidi bidhaa zilizotengenezwa humo humo, na sheria iliyotiwa saini Februari 2016 ikakipanua kijumuishe bidhaa za nchi yoyote zilizotoka Marekani na kurejea ndani ya miaka 3 bila kuongezwa thamani.

Kodi ya ongezeko la thamani ina sharti moja la ziada katika Umoja wa Ulaya ambalo watu hawalijui mpaka liwagonge: bidhaa inapaswa kurudishwa na mtu yuleyule aliyeisafirisha nje. Kwa hiyo jina la mpokeaji kwenye kifurushi liwe la muuzaji kama lilivyoandikwa kwenye ankara. Akikuambia uitume saa moja kwa moja kwa fundi wake, au kwa rafiki anayeishi karibu na uwanja wa ndege, muulize kwanza kama amelifikiria hilo.

Na kuna wauzaji wanaosafirisha kutoka nchi moja huku ghala lao la kupokea marejesho likiwa nchi nyingine. Hapo msamaha unaanguka wenyewe. Kitu kilichotoka Japani kikipelekwa Marekani hakijarudi popote, kinaingia Marekani kwa mara ya kwanza. Jambo hili lijadiliwe kabla hujafunga kifurushi, hasa nani atalipa.

Sasa linganisha nambari mbili. Ukiandika euro 50 kama muuzaji alivyoomba, bila kutaja kwamba ni kitu kinachorudishwa, kifurushi kitasomwa kama bidhaa ya kawaida kutoka nje. Zamani thamani ndogo ilikuwa na mlango wake. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi visivyozidi euro 22, na msamaha huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2021. Marekani ilikuwa ikiruhusu mizigo isiyozidi dola 800 iingie bila ushuru, na tarehe 29 Agosti 2025 ikasitisha utaratibu huo kwa nchi zote. Kwa hiyo hata hizo euro 50 zitatozwa kodi Ujerumani, asilimia 19, yaani euro 9.50, na juu yake mara nyingi kuna ada ya kampuni iliyoshughulikia forodha. Saa hiyohiyo ikiandikwa 1,400, ikatajwa kuwa bidhaa iliyorudishwa, na karatasi zikalingana, inaweza kuingia bila kulipiwa chochote. Nambari kubwa ya kweli inaweza kugharimu kidogo kuliko ndogo ya uongo. Hili ningependa kila mkusanyaji alijue, kwa sababu ombi lile la upole linategemea mtu asilijue.

Msamaha haushuki wenyewe, lakini. Lazima udaiwe. Mara nyingi ni muuzaji, kama mwingizaji, anayepaswa kuwaambia forodha au kampuni ya usafirishaji kwamba mzigo unaokuja ni marejesho, na kuonyesha ushahidi wa safari ya kwanza: ankara, namba ya ufuatiliaji, tamko la kutoka nchini. Kazi yako ni kumwekea ushahidi huo tayari. Mtumie namba mpya ya ufuatiliaji siku hiyohiyo unapotuma, umwambie ulichoandika kwenye kila kisanduku cha fomu.

Kama muuzaji alidanganya wakati wa kwenda

Hapa ndipo penye mfupa, na pia ndipo mara nyingi ilipo sababu ya kweli ya ombi la thamani ndogo. Ulilipa 1,400, lakini kifurushi kilipokufikia kilikuwa kimeandikwa 100. Labda ulifurahi wakati ule kwamba kodi imekuwa nyepesi. Sasa muuzaji anataka uandike 100 kwa sababu rekodi yake ya kutoka inasema 100, na akipokea kitu cha 1,400 ataulizwa.

Msimamo wangu ni kwamba usirithi uongo wa mtu mwingine. Chini ya fomu ya forodha kuna mahali pa kutia saini, na maneno yaliyo juu ya saini hiyo yanasema kwamba mtumaji anathibitisha kuwa maelezo ni sahihi. Mtumaji safari hii ni wewe. Ujumbe wa muuzaji hautakukinga mbele ya afisa, utakachoonyesha tu ni kwamba ulijua. Andika ulicholipa, ambatisha risiti ya malipo, na mwambie muuzaji mapema kwamba ndivyo utakavyofanya. Rekodi yake ni juu yake kuirekebisha. Kama nawe ulilipa kodi pungufu kwa sababu ya nambari ile, ni salama zaidi kuwaambia forodha wa nchi yako mwenyewe kuliko kungoja walione, maana utakapodai kurejeshewa kodi watataka kuona nyaraka zote za pande zote mbili.

Kwenye fomu yenyewe

Ukitumia posta, utajaza mojawapo ya fomu mbili za Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoanzia Bern mwaka 1874. CN 22 ni ile ndogo, kwa vitu vya thamani isiyozidi SDR 300. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kinachokokotolewa kutoka dola, euro, yuan, yen na pauni. Zaidi ya hapo unajaza CN 23, na saa yetu ya euro 1,400 imepita kiwango hicho kwa mbali. Ukitumia kampuni binafsi, utaandika ankara ya forodha yenye taarifa zilezile. Siku hizi nyingi hujazwa kwa kompyuta, na tangu Januari 2021 kanuni za posta za kimataifa zinataka taarifa za vifurushi vyenye bidhaa zitangulie kwa njia ya kielektroniki. Maana yake ni kwamba forodha ya upande wa pili inasoma ulichoandika kabla ya kifurushi kutua, na kosa huwa gumu kulifuta.

Kuna kisanduku cha aina ya mzigo: zawadi, hati, sampuli, mauzo, bidhaa iliyorudishwa, nyinginezo. Weka alama kwenye bidhaa iliyorudishwa. Alama hiyo moja ina uzito kuliko kila kitu kingine kwenye karatasi. Wengine huweka zawadi wakidhani ndiyo njia nyepesi. Kwanza si kweli, kwani kumrudishia mtu mali yake ili akupe pesa zako si zawadi. Pili, msamaha wa zawadi ni mdogo mno kwa vitu vya wakusanyaji: euro 45 katika Umoja wa Ulaya, pauni 39 Uingereza.

Nchi ya asili ni mahali kitu kilipotengenezwa. Saa iliyotengenezwa Uswisi na kununuliwa Ujerumani asili yake ni Uswisi, hata ikizunguka dunia mara ngapi. Thamani iandikwe kwa sarafu ya mauzo, na nauli uliyolipa safari ya kwanza isiingizwe kwenye mstari wa bidhaa. Nchi hutofautiana kuhusu nauli: Umoja wa Ulaya huijumlisha kwenye thamani ya forodha hadi mpakani, Marekani haiihesabu. Ukiiweka kando, kila upande utafanya hesabu yake.

Namba ya aina ya bidhaa, ile ya mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, huwachanganya wakusanyaji kwa sababu wanaiona sura ya 97, ya kazi za sanaa, vitu vya makusanyo na vitu vya kale, wakadhani kila kitu adimu ni chake. Sura hiyo ina milango myembamba. Stempu zilizotumika zina kifungu chake, 9704. Vitu vyenye maana ya kihistoria, kiakiolojia au kisarafu vina 9705. Vitu vya kale vyote vingine, 9706, lazima viwe na umri unaozidi miaka 100. Saa ya miaka ya 1960 haijafika, kwa hiyo inabaki miongoni mwa saa, 9102, au 9101 kama kasha lake ni la madini ya thamani. La busara ni kutazama namba iliyotumika safari ya kwenda na kuirudia, isipokuwa iwe ya makosa dhahiri.

Wengi huuliza kama kuandika 1,400 juu ya kifurushi hakumwiti mwizi. Ni hofu ya haki. Dawa yake iko kwenye maelezo na ufungaji. "Saa ya mkononi iliyotumika" inatosha kwa afisa. Maneno kama "adimu sana" au "toleo la wakusanyaji" hayaongezi chochote kwenye tamko, yanampa tu habari asiyehusika. Fomu kubwa huweza kuwekwa ndani ya bahasha ya plastiki inayobandikwa juu. Na chagua huduma inayodai saini ya mpokeaji.

Bima ni nambari nyingine

Mkanganyiko mkubwa wa pili unatokana na neno thamani kutumika kwa mambo matatu. Kuna thamani ya forodha, inayowahusu watoza kodi. Kuna thamani inayotangazwa kwa msafirishaji, ambayo ni kikomo cha dhima yake. Na kuna bima yenyewe. Zinaweza kuwa sawa, lakini hazilazimiki kuwa sawa, na kutojua tofauti kumewapotezea watu vitu ambavyo hawatavipata tena.

Usipotangaza thamani kwa msafirishaji wa anga, dhima yake hukaa chini mno. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu mizigo ya ndege isiyo ya posta, unaweka kikomo kwa uzito, na tangu 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 26 kwa kilo. Saa iliyofungwa vizuri ikiwa na gramu 600 inapata SDR 15.6, ambazo hazifiki dola 25. Mkataba huohuo unamruhusu mtumaji atangaze thamani maalumu na kulipa nyongeza ili kikomo kipande.

Upande wa posta, kanuni za Umoja wa Posta zina jambo la kuvutia: kwa kifurushi chenye bima, thamani unayotangaza haipaswi kuzidi thamani halisi ya kilichomo, lakini inaruhusiwa kuwa sehemu tu ya thamani hiyo. Kwa hiyo unaweza kihalali kuandika 1,400 kwenye forodha na kukata bima ya 700 ukiamua kubeba hatari ya nusu iliyobaki. Kinyume chake hakikubaliki. Ukiandika 50 kwenye forodha na kukata bima ya 1,400, umeweka kwenye karatasi moja ushahidi dhidi yako mwenyewe, na siku ya kudai fidia utaulizwa ni ipi ya kweli. Mifumo mingi ya kutuma mtandaoni hata haikuruhusu bima ipite thamani ya forodha.

Hapa ndipo ombi la muuzaji linapoonyesha nani anayebeba hatari. Kifurushi kilichoandikwa 50 kikipotea, msafirishaji atakulipa 50 akilipa chochote. Muuzaji hajapokea saa, kwa hiyo hajarudisha pesa. Yeye ana 1,400 zako, wewe una karatasi ya 50.

Soma pia masharti ya vitu vilivyotengwa. Baadhi ya kampuni kubwa huweka kikomo maalumu cha dhima kwa kazi za sanaa, vitu vya kale na vitu vya wakusanyaji, hata kama umetangaza zaidi na kulipia. Sarafu na madini ya thamani mara nyingi hayakubaliwi kwenye vifurushi vya kawaida vya posta, hupokelewa tu vikiwa na bima, na nchi nyingine hazipokei kabisa. Kwa kitu cha bei kubwa, bima tofauti ya usafiri kutoka kampuni ya bima yenyewe huwa na maana kuliko kutegemea ya msafirishaji.

Kodi uliyolipa wewe

Watu hushughulika na kodi ya muuzaji wakasahau yao. Kama ulilipa ushuru saa ilipoingia nchini mwako, nchi nyingi zina njia ya kukurudishia kitu kinaporudishwa kwa muuzaji kwa sababu hakikulingana na makubaliano. Katika Umoja wa Ulaya ni ibara ya 118 ya Kanuni ileile ya Forodha, na ombi hutakiwa ndani ya mwaka 1 tangu ulipoarifiwa deni. Marekani hurudisha asilimia 99 ya ushuru kwa bidhaa zilizokataliwa, muda ukiwa hadi miaka 5, lakini huhitaji kuarifiwa kabla bidhaa haijatoka ili waweze kuikagua wakitaka. Hilo la kuarifu kabla ndilo huwaangusha wengi, kwa hiyo uliza forodha ya nchi yako kabla hujatuma. Baada ya kifurushi kuondoka hakuna cha kukagua. Na ushahidi utakaodaiwa ni kwamba kilichoingia ndicho kilichotoka: maelezo yaleyale, namba ileile ya kasha la saa, thamani ileile.

Vitu ambavyo bei si tatizo lake pekee

Kama kasoro uliyoigundua ni kwamba kitu ni bandia chenye alama ya kampuni nyingine, kukituma ng'ambo kunaweza kuwa kosa hata kama unakirudisha, na forodha inaweza kukikamata njiani. Ni afadhali kukubaliana na muuzaji kwa maandishi kuhusu picha, ripoti ya mtaalamu au kukiharibu, kabla ya kukikabidhi kwa msafirishaji.

Vitu vyenye pembe za ndovu, magamba ya kasa au ngozi za wanyama wanaolindwa viko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika Julai 1975. Kibali kilichokileta kwako hakikirudishi. Kurudisha ni kusafirisha upya, na kunaweza kudai hati yake. Hata saa yetu inahusika kama ina mkanda wa ngozi ya mamba, jambo ambalo watu hulisahau kwa sababu macho yako kwenye saa. Vitu vya kale navyo vinaweza kuhitaji leseni ya kutoka nchini: Uingereza, kwa mfano, hudai leseni kwa vitu vingi vya kitamaduni vyenye umri unaozidi miaka 50 vinapopita viwango fulani vya thamani. Hapo thamani uliyoandika ndiyo inayoamua kama leseni inahitajika, na kuipunguza ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Kuna hali moja inayofanana na kurudisha lakini siyo: kukipeleka kitu chako mwenyewe ng'ambo kikatengenezwe au kikapimwe uhalisi, kisha kirudi kwako. Hapa huna ankara ya juzi. Pengine kadi uliinunua miaka kumi iliyopita kwa bei ndogo na sasa inatafutwa. Bei ya zamani haisemi kweli tena, kwa hiyo tumia bei ambazo vitu vya aina na hali hiyo vimeuzwa kweli karibuni katika minada, uhifadhi ushahidi wake. Kampuni za kupima uhalisi na hali ya kadi hupanga ada na kikomo cha fidia kwa thamani unayotangaza, na kadi ikipata daraja la juu thamani ya safari ya kurudi itakuwa tofauti na ya kwenda. Kabla haijatoka, isajili kwa forodha ya nchi yako kama mali inayotoka kwa muda, pamoja na picha na namba zake. Usajili huo hufanywa kitu kikiwa bado mbele ya afisa. Kikishaondoka bila karatasi, kinarudi kama ununuzi mpya, nawe utaombwa kodi juu ya kitu ulichokimiliki tangu zamani.